Kufunga Njia Wakati wa Moto: Historia ya Barabara Kuu za Jimbo la California

Katika sheria za California, barabara kuu ya jimbo ni ile ambayo Bunge la jimbo limeiorodhesha kwa namba, ikajengwa na kutunzwa kwa fedha za jimbo, tofauti na barabara za kaunti na za miji ambazo ziko mikononi mwa serikali za mitaa. Idara inayozitunza barabara hizo inaitwa Caltrans, jina ililolipata mwaka 1973, na kikosi kinacholinda usalama wa wasafiri juu yake ni California Highway Patrol, yaani polisi wa barabara kuu, kilichoanzishwa mwaka 1929. Kila mwaka, majani yanapokauka na upepo wa nchi kavu unapoanza kuvuma, vyombo hivi viwili huweka vizuizi mahali fulani katika jimbo na kuyarudisha magari yalikotoka, kwa sababu ya moto wa nyika, yaani moto unaoteketeza misitu, vichaka na majani bila kudhibitiwa. Jimbo hilo lilijifunza mapema kuifungua milima yake kwa barabara, likachelewa mno kujifunza namna ya kuzifunga barabara hizo na namna ya kuwatoa watu kwa wakati, na gharama ya kuchelewa huko imelipwa zaidi na wakazi wa miji midogo ambao walivutwa kuhamia milimani na barabara hizo hizo.

Mwanzo wake ni mwaka 1895, Bunge la California lilipounda ofisi ya barabara yenye makamishna watatu, ambao walinunua gari la kukokotwa na farasi na kulizunguka jimbo lote, kaunti kwa kaunti, kabla ya kuwasilisha ripoti yao mwaka 1896. Katika kipindi hicho hicho jimbo lilichukua barabara yake ya kwanza, njia ya mikokoteni iliyotoka Placerville, mji wa wachimba dhahabu, ikapanda milima ya Sierra Nevada hadi karibu na Ziwa Tahoe. Njia hiyo ndiyo iliyokuja kuwa barabara namba 50, na itarudi katika simulizi hili kwa sababu ya moto wa mwaka 2021. Mwaka 1910 wapiga kura waliidhinisha hati fungani, yaani mkopo wa serikali kwa umma, za dola milioni 18 kwa ajili ya mtandao wa barabara za jimbo, na ujenzi ukaanza mwaka 1912. Lengo lilikuwa kuunganisha makao makuu ya kaunti na kufikisha mazao sokoni, na katika mipango hiyo ya awali moto haukupewa uzito kama jambo linaloihusu barabara.

Hata hivyo moto ulikuwapo katika nchi hiyo kabla ya barabara. Wenyeji wa asili wa California, wakiwemo Wakaruk, Wayurok na Wamaidu, walikuwa na desturi ya kuchoma nyika kwa makusudi na kwa majira maalumu, ili kupunguza majani makavu, kustawisha mimea waliyoitumia kwa chakula na ususi, na kuwawinda wanyama kwa urahisi. Sheria ya jimbo ya mwaka 1850 iliyodai kuwalinda wenyeji hao ndiyo iliyowapiga marufuku kuchoma nyika, na mwaka 1935 Idara ya Misitu ya Marekani ikaweka sera kwamba kila moto utakaoonekana uwe umezimwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Kwa hiyo msitu ambao zamani uliungua kidogo kidogo ukaachwa urundike kuni kwa vizazi kadhaa. Barabara nayo ikapewa kazi ya pili, kwani katika miaka ya 1930 vijana wa mpango wa serikali wa ajira, uliojulikana kama Civilian Conservation Corps, walikata kwenye vilima vya Sierra Nevada njia iliyoitwa Ponderosa Way, iliyokusudiwa kuenea kwa mamia ya kilomita kutoka kaskazini hadi kusini. Ilikuwa kinga ya moto, yaani ukanda uliofyekwa ili moto ukose cha kula, na papo hapo njia ya malori ya wazima moto. Kwa wapangaji wa wakati huo barabara ilikuwa silaha dhidi ya moto, na imani hiyo ilidumu muda mrefu.

Mwaka 1937 zilifunguliwa barabara mbili zinazoonyesha ujasiri wa zama hizo. Moja ni sehemu ya barabara ya jimbo namba 1 inayopita Big Sur, iliyochongwa kwenye majabali juu ya Bahari ya Pasifiki kwa jasho la wafungwa wa gereza la San Quentin pamoja na vibarua wengine. Nyingine ni barabara inayofuata korongo la mto Feather, ambayo leo ni namba 70. Zote mbili zina upande mmoja wa mwamba na upande mwingine wa bonde au bahari, kwa hiyo gari likikuta njia imezibwa halina pa kuchepukia, na msafiri hulazimika kurudi alikotoka, kama nyuma bado kupo wazi.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watu walihamia vilimani kwa wingi. Wastaafu walifuata bei nafuu na hewa safi, wafanyakazi wa mijini wakafuata viwanja vikubwa, na kaunti zikaidhinisha mitaa yenye mlango mmoja tu wa kuingilia na kutokea. Msimu wa mwaka 1970, ambapo moto ulienea kusini mwa jimbo kwa takriban siku 13, ukaua watu 16 na kuteketeza nyumba zaidi ya 700, ulifichua kwamba vikosi vya idara mbalimbali havikuwa na lugha moja wala mkuu mmoja. Kutokana na msiba huo ulibuniwa Mfumo wa Uongozi wa Dharura, ambamo vikosi vyote vinavyofika kwenye tukio huwekwa chini ya muundo mmoja wa amri, na katika muundo huo uamuzi wa kufunga barabara hufanywa kwa pamoja. Mfumo huo ulikuwa hatua kubwa, lakini haukuipanua mitaa iliyokwisha kujengwa. Tarehe 20 Oktoba 1991, moto ulioshuka vilima vya Oakland kwa upepo mkali uliua watu 25, na baadhi yao walikufa kwenye vijia vyembamba vya mlimani, magari yao yakiwa yamezuiana, umbali mfupi tu kutoka barabara pana ambayo ingewafikisha salama.

Hapa inafaa kueleza kufunga barabara ni nini hasa. Kifungu cha 409.5 cha Kanuni ya Adhabu ya California kinawapa polisi na maofisa wengine waliotajwa mamlaka ya kufunga eneo ambamo mafuriko, dhoruba, moto, tetemeko la ardhi au janga jingine limehatarisha usalama wa umma, na anayeingia kwa makusudi baada ya kukatazwa hutenda kosa, ingawa waandishi wa habari walioidhinishwa hawazuiwi. Katika utendaji kuna vizuizi vya aina mbili: kizuizi kamili, ambacho hupitisha magari ya dharura tu, na kizuizi cha nusu, ambacho humruhusu mkazi mwenye uthibitisho wa anwani, au gari linaloongozwa na gari la msafara. Kuna pia tofauti kati ya onyo la kuhama, linalomtaka mkazi ajiandae na kuwatanguliza wagonjwa, wazee na mifugo, na amri ya kuhama, inayomaanisha kwamba hatari imefika. Ugumu uko katika ukweli kwamba barabara ileile hutakiwa ifanye mambo mawili yanayopingana kwa saa moja: upande mmoja ipitishe malori ya wazima moto yanayopanda, na upande mwingine ishushe familia zinazokimbia. Anayeifunga mapema mno huwanyima watu njia, na anayechelewa huwaacha wasafiri wasio na habari waingie ndani ya moshi.

Mfano wa kuchelewa ambako hakuna mtu wa kulaumiwa ulitokea tarehe 17 Julai 2015 kwenye lango la milima la Cajon, ambako barabara ya kitaifa namba 15, yenye njia nyingi na magari mengi kila saa, ilivamiwa na moto ghafla kiasi kwamba wasafiri waliacha magari yao na kukimbia kwa miguu. Magari 20 yaliteketea juu ya lami. Miaka 12 kabla yake, moto wa Cedar wa Oktoba 2003 katika Kaunti ya San Diego ulikuwa umeivuka barabara hiyohiyo ya namba 15 kwa kurusha makaa yaliyobebwa na upepo. Matukio hayo mawili yalidhoofisha ile imani ya miaka ya 1930, kwa kuwa hata ukanda mpana wa lami hauzuii moto unaoruka.

Isitoshe, barabara yenyewe huwasha. Tarehe 23 Julai 2018, tela la kupiga kambi lililokuwa likivutwa kwenye barabara ya jimbo namba 299, karibu na hifadhi ya Whiskeytown, lilipata pancha. Tairi likaisha, ringi ya chuma ikakwaruza lami, na cheche zikadondokea kwenye majani makavu ya kando. Joto la siku zile lilikuwa kali na majani yalikuwa makavu mno, hivyo kilichoanza kama moshi wa pembeni mwa barabara kikawa moto wa Carr, uliofika mji wa Redding ukiwa na kimbunga cha moto, ukaua watu 8, ukateketeza zaidi ya nyumba 1,000 na kuunguza takriban hekta 93,000. Ndiyo maana ufyekaji wa kingo za barabara, kazi inayoonekana duni na ambayo bajeti huikata kwa wepesi, unastahili kuhesabiwa kuwa kazi ya kuokoa maisha.

Miezi minne haikutimia kabla ya msiba mkubwa kuliko yote. Mji wa Paradise, katika Kaunti ya Butte, ulikuwa na watu wasiopungua 26,000, wengi wao wastaafu, nao ulikaa juu ya mgongo wa mlima kati ya makorongo mawili. Njia kuu za kushuka kuelekea bondeni zilikuwa nne: Skyway, Neal Road, Pentz Road na Clark Road, na hii ya mwisho ndiyo barabara ya jimbo namba 191. Kasoro ya mpangilio huo ilijulikana. Katika kiangazi cha mwaka 2008 moto ulifunga baadhi ya njia hizo na waliokimbia wakakwama kwa muda mrefu kwenye foleni, na mwaka uliofuata jopo la raia linaloteuliwa na mahakama kukagua mwenendo wa serikali ya kaunti lilionya kuhusu uwezo mdogo wa njia za kutokea. Mji haukupuuza kila kitu: uligawanywa katika kanda za kuhama, ukapanga kwamba wakati wa dharura njia zote za Skyway zielekezwe chini, na mazoezi yakafanyika. Lakini mpango ulijengwa juu ya dhana kwamba kanda chache zitatoka kwa zamu, si mji mzima kwa mara moja, na miaka michache kabla ya moto sehemu ya Skyway inayopita katikati ya mji ilipunguzwa kutoka njia nne hadi mbili ili magari yapunguze mwendo na waenda kwa miguu wawe salama. Uamuzi huo ulikuwa na nia njema, na kwa siku za kawaida ulikuwa na faida.

Asubuhi ya tarehe 8 Novemba 2018, mnamo saa kumi na mbili na nusu, kulabu ya chuma iliyolika kwa uchakavu ilikatika kwenye mnara wa zamani wa umeme katika korongo la mto Feather, karibu na Pulga, juu ya barabara namba 70. Msimu wa mvua ulikuwa umechelewa, na upepo ulikuwa ukishuka korongoni kwa kasi kuelekea Paradise. Moto uliopewa jina la Camp ulifika kingo za mji katika muda wa saa moja na nusu hivi, ukitanguliwa na makaa yaliyowasha moto mwingi mdogo ndani ya mji kabla ya moto mkuu kuwasili. Amri za kuhama zilitolewa kanda kwa kanda kama mpango ulivyotaka, lakini kanda ya kwanza haikuwa imetoka pale za mwisho zilipoanza kuungua, na wakazi wengi hawakupata ujumbe wowote wa tahadhari kwenye simu zao.

Yaliyofuata yalitokea gizani, kwa sababu moshi ulizima mwanga wa mchana. Polisi waligeuza Skyway yote ielekee chini kama walivyojifunza, lakini njia za upande wa mashariki zilipitiwa na moto mapema, magari yakasukumwa kwenye njia zilizobaki, na nguzo za umeme, miti iliyoanguka na magari yaliyozimika vikaziba vipenyo. Siku hiyo moto wenyewe ndio uliofunga barabara, na maofisa walikuwa wakifuata nyuma yake wakijaribu kutafuta iliyobaki wazi. Mamia walipoona hawawezi kusonga walielekezwa kwenye maegesho ya lami na viwanja visivyo na miti, wakalala chini au kukaa ndani ya magari huku majengo ya pembeni yakiwaka. Uchunguzi wa Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ulikuja kuonyesha kwamba zaidi ya watu 1,000 waliokolewa katika hifadhi za muda za namna hiyo, nyingi zikiwa zimebuniwa papo hapo na askari na wazima moto. Watu 85 walikufa, wengi wao wazee waliokuwa nyumbani, na baadhi walikutwa ndani ya magari au kando yake. Majengo zaidi ya 18,000 yaliteketea. Mwaka 2020 kampuni ya umeme ya PG&E ilikiri mahakamani makosa 84 ya kuua bila kukusudia, na haki ilikuwa hivyo; lakini kesi ya kampuni moja haiwezi kubeba lawama ya miongo yote ambayo kaunti ziliruhusu nyumba kuongezeka juu ya mlima bila kuongeza njia ya kushukia.

Ikilinganishwa na Paradise, habari ya South Lake Tahoe miaka mitatu baadaye inatia moyo. Moto wa Caldor ulianza tarehe 14 Agosti 2021, ukateketeza kijiji cha Grizzly Flats, kisha ukapanda Sierra Nevada sambamba na barabara namba 50, ile njia ya mikokoteni ambayo jimbo liliichukua kabla ya nyingine zote. Upande wake wa magharibi ulikwisha kufungwa moto ulipokaribia ziwa, hivyo tarehe 30 Agosti, wakazi takriban 22,000 wa mji walipoamriwa kuondoka, njia iliyowafaa wengi ilikuwa moja, ya mashariki kuelekea Nevada. Foleni ilidumu saa kadhaa na picha zake zilitisha, ila watu walitoka wote salama, kwa sababu onyo lilitangulia amri na amri ikatangulia moto. Waliokwama kwenye foleni ile walikuwa na hasira, na hasira yao inaeleweka, lakini foleni iliyo mbali na moto ndiyo dalili ya kwamba barabara imefungwa na kufunguliwa kwa wakati wake.

Moto ukizimwa, barabara haifunguliwi siku hiyo. Mhandisi wa Caltrans anayeikagua hukuta nguzo za mbao zilizoshikilia vyuma vya kingo zimeungua hadi kwenye shimo, vibao vimeyeyuka, na pale ambapo kalavati lilikuwa la plastiki, bomba lenyewe limeungua chini ya lami na kuacha uwazi ambao hauonekani kutoka juu mpaka lori lipite na barabara ititie. Miti iliyoungua shina husimama kwa wiki au miaka kabla ya kuangukia njia, kwa hiyo hukatwa kwa maelfu kabla ya magari kuruhusiwa. Hatari kubwa zaidi huja na mvua. Moto mkali huacha ndani ya udongo tabaka lenye nta linalokataa kunyonya maji, na bila mizizi ya kushikilia mteremko, mvua ya saa moja inaweza kuushusha mlima kama tope zito lililobeba mawe na magogo.

Tope la namna hiyo liliua watu 23 huko Montecito tarehe 9 Januari 2018, wiki chache baada ya moto wa Thomas, likaifukia barabara namba 101, mshipa mkuu wa pwani, ambayo ilifunguliwa tarehe 21 mwezi huo. Huko Big Sur, moto wa Dolan wa mwaka 2020 ulifuatwa na mvua ya Januari 2021, na kwenye kijito cha Rat Creek maji na magogo yaliziba mfereji, yakapanda juu ya lami na kuibomoa barabara namba 1 yote mpaka baharini; ilijazwa upya na kufunguliwa mwezi Aprili. Korongo la mto Feather lilipata yote mawili katika mwaka mmoja, kwani moto wa Dixie wa Julai 2021, uliounguza karibu hekta 390,000, ulifuatwa na mvua kubwa za Oktoba zilizomwaga mawe na matope juu ya namba 70, ambayo wasafiri walikuwa wamekwisha kuikosa kwa wiki nyingi za kiangazi. Kwa wenye maduka, wakulima na wagonjwa wa vijiji vya korongo hilo, msimu wa moto umekuwa nusu mwaka, ingawa magazeti ya miji mikubwa huhesabu siku za miali tu.

Baada ya Paradise Bunge la jimbo lilichukua hatua ambayo ingefaa ichukuliwe nusu karne mapema. Sheria mbili za mwaka 2019 zilizitaka serikali za mitaa kutambua mitaa ya makazi yenye hatari ambayo haina njia mbili za kutokea, na kupima kama njia zilizopo zinaweza kubeba magari ya wote watakaokimbia katika hali mbalimbali za dharura. Kutambua si kujenga, na barabara ya pili mlimani hugharimu fedha nyingi, hupita kwenye ardhi za watu, na mara nyingi hufungua eneo jipya la ujenzi wa nyumba. Kwa sababu hiyo orodha za mitaa yenye njia moja zimeandikwa haraka kuliko njia zenyewe zilivyochongwa.

Tarehe 7 Januari 2025, katikati ya kipindi ambacho zamani kilihesabiwa kuwa cha mvua, upepo wa nchi kavu uitwao Santa Ana uliusukuma moto wa Palisades kuelekea bahari jijini Los Angeles. Kwenye barabara ya Sunset Boulevard magari yalizuiana, wenyewe wakayaacha na kushuka kwa miguu, na buldoza ikaletwa kuyasukuma pembeni ili malori ya maji yapite. Barabara ya jimbo namba 1 chini yake, inayoitwa hapo Pacific Coast Highway, ilifungwa siku hiyo, na kwa zaidi ya miezi minne ikabaki kuwa njia ya malori yanayobeba kifusi na matope, huku wakazi wakiingia kwa vibali, wafanyabiashara wa Malibu wakiomba ifunguliwe na waliopoteza nyumba wakiomba vizuizi vibaki ili mabaki yao yasiporwe. Ilifunguliwa kwa umma tarehe 23 Mei 2025, ikiwa na njia mbili kila upande na mwendo uliopunguzwa, wakati malori ya kifusi yakiendelea na kazi.